Mgeni Huyu Ana Ukoo? Star Trek, Doctor Who, The Expanse na Alien Worlds kwenye mizani ya baiolojia

Bando la mwezi halitoshi kutazama kila kitu, na tamthilia za viumbe wa sayari nyingine hazina mwisho. Hapa Malindi vijana wanaoniuliza hutaka jibu la jina moja: "Nianze na ipi?" Jibu langu hutegemea jambo ambalo wapendekezaji wengi huliruka. Je, kiumbe anayeonyeshwa angeweza kweli kuzaliwa, kula na kuzeeka mahali fulani, au ni mwigizaji tu aliyepakwa rangi? Kwa kipimo hicho nimeziweka nne bega kwa bega, na nyingine mbili nitazigusa kwa kupita. Uigizaji, muziki na mapigano sihukumu hapa.

Watu wengi humpima mgeni kwa sura. Akiwa na macho sita na mikia mitatu, basi huyo ndiye wa kweli. Mimi sura hainibabaishi. Namuuliza: unakula nini, unapumua nini, na jamaa zako ni akina nani? Swali la tatu ndilo linalowaangusha wengi.

Chukua wanyama wa huku kwetu. Sange wa msitu wa Arabuko-Sokoke, yule mwenye makalio ya rangi ya dhahabu na pua ndefu ya kufukulia wadudu, ukimwona utasema ni panya. Nguva wa Lamu utasema ni samaki aliyenona. Pimbi utasema ni sungura asiye na masikio. Vipimo vya DNA vinasema wote watatu ni wa ukoo mmoja na ndovu. Hakuna anayemfanana mwenzake, lakini wanatoka kwa babu mmoja, na ukiwachunguza utaukuta urithi wake ndani yao. Ndivyo uhai ulivyo: kila mnyama ana binamu, ana anachowinda, ana anayemwinda, ana kupe wake. Kwenye runinga, sayari nzima huwa na kabila moja la watu, mtindo mmoja wa nguo, na mchanga. Hata kupe hamna.

Star Trek: pua, mdomo na nyusi

Ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, na mgeni wake mashuhuri ni Spock, baba yake Mvulkani (mtu wa sayari ya Vulcan), mama yake binadamu. Tatizo linaanzia kwenye ndoa hiyo. Punda na farasi ni binamu wa karibu mno. Punda ana kromosomu 62, farasi 64, na nyumbu wanayemzaa ana 63 na kwa kawaida hazai. Watu wa Lamu hawahitaji kuelezwa habari za punda. Sasa, ikiwa binamu hao wanashindwa kupata mjukuu, vipi watu wa sayari mbili ambao hawana hata babu mmoja wa pamoja? Mwani unaotupwa ufukweni na mawimbi ni jamaa yako wa karibu kuliko baba yake Spock.

Halafu kuna damu yake. Tunaambiwa ni ya kijani kwa kuwa ina shaba badala ya chuma. Damu ya shaba ipo kweli, na kila anayekula pweza au kamba amewahi kuigusa. Protini yao ya kubebea oksijeni, himosianini, imejengwa kwa shaba. Ila ikishika oksijeni hugeuka buluu, na ikiiachia hupoteza rangi. Damu ya kijani nayo ipo, kwa mijusi fulani wa New Guinea, na sababu yake ni biliverdini, rangi ya nyongo iliyojaa mwilini, wala si shaba. Kwa hiyo Spock amepewa madini ya pweza na rangi ya mjusi. Tena himosianini haibebi oksijeni nyingi kama damu yetu. Pweza ana mioyo mitatu ya kuisukuma, na bado akikimbizwa huchoka upesi. Mvulkani, tunaambiwa, ana nguvu kumshinda binadamu. Anazitoa wapi?

Watengenezaji wenyewe walijua kwamba wageni wao wanafanana na sisi kupita kiasi. Mwaka 1993, katika kipindi cha "The Chase" cha Star Trek: The Next Generation, walitoa sababu: watu wa kale mno walipanda mbegu ya DNA yao kwenye sayari nyingi, ndiyo maana sote tuna mikono miwili na pua katikati ya uso. Ni jibu la werevu, na nalipenda kwa ujasiri wake, lakini halisimami. Hapa duniani mbegu ilikuwa moja, na kwa miaka bilioni kadhaa imetoa pweza, mnazi, mbu na mtu. Kwa nini kwao itoe mtu, kwingine mtu, na kwingine tena mtu mwenye matuta kwenye paji la uso?

Tuwatendee haki kidogo. Maumbile hurudia majibu pale swali linapokuwa moja. Papa ni samaki na pomboo ni mnyama anayenyonyesha, lakini maji yamewachonga umbo moja. Jicho la pweza na jicho lako yalijitokeza kila moja kivyake, na yote yana lenzi. (La pweza limeshinda, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu inatokea nyuma na halina doa la upofu kama letu.) Kwa hiyo mgeni mwenye macho simkatai. Mwenye kitu cha kushikia vitu simkatai pia. Nyusi ndizo zinazonishinda.

Hata hivyo, ndani ya Star Trek hiyohiyo kuna kipindi kimoja ambacho ningemwambia mtu akitazame kabla ya vingine vyote: "The Devil in the Dark" cha mwaka 1967. Mgeni wake, Horta, ni kiumbe wa silikoni anayeishi ndani ya miamba, anayeitoboa kwa tindikali na kulinda mayai yake. Hapa maswali matatu yanapata majibu kidogo: anakula mwamba, ana makao, ana watoto. Kwa nini silikoni? Kwa sababu kwenye jedwali la elementi iko chini ya kaboni na hushika mikono minne kama kaboni, yaani huungana na atomu nne. Lakini kuna mtego. Kaboni ikiungana na oksijeni hutoa gesi, unaitoa kwa pumzi na mambo yamekwisha. Silikoni ikiungana na oksijeni hutoa silika, kitu kigumu, ambacho ndicho mchanga mwingi duniani. Horta angepumua oksijeni angekuwa anakohoa ufukwe wa Mambrui. Na kuna ushahidi mwingine ulio chini ya miguu yetu: silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa gamba la dunia, kaboni haifiki hata asilimia moja, na bado uhai wote tunaoujua umeichagua kaboni.

Pamoja na hayo, Horta namwamini kuliko Spock, kwa sababu waandishi walijiuliza anaishi vipi.

Doctor Who: kaa, bongo na dumu la chuma

Hii ya BBC ilianza 1963 na wageni wake ni wengi kiasi kwamba huwezi kuihukumu kwa mmoja. Nachagua watatu.

Macra ni kaa wakubwa ajabu. Walionekana 1967, wakarudi 2007 katika "Gridlock", wakiishi chini ya barabara na kujilisha moshi wa magari. Kuhusu ukubwa huo, nilishawahi kumuuliza mjomba wangu, mvuvi.

"Mjomba, kaa aweza kukua akatoshana na dau?"

"Na akue, mwanangu. Siku ya kujivua gamba atasimama na nini?"

Jibu lake ni fizikia tupu. Mnyama akirefuka mara 10 bila kubadili umbo, unene wa mkato wa miguu yake huongezeka mara 100, lakini uzito huongezeka mara 1,000. Kila mguu unabeba mzigo mara 10 ya ule uliozoea. Kaa ana shida ya ziada: ili akue lazima avue gamba na kukaa laini mpaka jipya likauke. Majini maji humshikilia. Nchi kavu angebonyea. Ndiyo maana kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, yule anayekwea minazi na ambaye hata Chumbe kule Zanzibar wanaye, huishia kwenye kilo 4 hivi. Na chakula cha moshi? Moshi ni kitu ambacho kimekwisha kuungua, nguvu iliyobaki ndani yake ni kidogo. Macra wameanguka maswali yote.

Ood ni wapole wenye mikia ya pweza usoni. Katika "Planet of the Ood" ya 2008 tunajifunza kwamba huzaliwa na ubongo wa pili wanaoushika mkononi, nje ya mwili. Kama hadithi ya utumwa inauma sana. Kama baiolojia, sayari yao ingepaswa kuwa haina fisi, haina kunguru, haina hata mtoto mwenye kombeo.

Wa tatu ni Dalek, na hapa huwa napingwa. Kwa nje ni dumu la chuma lenye bomba, kitu cha kuchekesha. Lakini ndani kuna kiumbe laini, dhaifu, aliyebadilika kutokana na watu wa sayari ya Skaro baada ya vita virefu vya sumu na mionzi, na mwanasayansi wao akaharakisha mabadiliko hayo kwa makusudi. Yaani ana babu, ana historia, na ana sababu ya kuhitaji gamba la chuma. Ukimwondolea sauti ya kelele, Dalek wa 1963 anajibu swali la ukoo vizuri kuliko karibu kila mtu kwenye Star Trek.

The Expanse: mgeni wa kwanza ni mtu

Misimu 6, 2015 hadi 2022. Kwa hadithi ndefu, hii ndiyo ninayoiweka mbele, na sababu ya kwanza haihusu wageni hata kidogo. Inahusu binadamu waliozaliwa kwenye mawe yaliyo kati ya Mars na Jupiter, mahali ambapo uzito wa mtu ni mdogo. Wamerefuka, mifupa yao ni dhaifu, na mwanzoni mwa tamthilia mmoja wao anateswa kwa kuachwa tu abebe uzito wa Dunia. Hilo lina msingi: wanaanga hupoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga kwa mwezi wakiwa angani. Huyu ni kiumbe mgeni ambaye tunajua babu yake, chakula chake na kilichombadilisha.

Msimu wa 4, uliotoka 2019, ndio wa kiwango cha juu. Watu wanahamia sayari iitwayo Ilus ambayo ina uhai wake. Watengenezaji wengine wangeleta joka la kuwakimbiza. Hawa wameleta konokono wasio na gamba, ambao ute wao ni sumu ukikugusa, na vijidudu vya kijani vinavyoota ndani ya macho ya watu na kuwapofusha.

Nikae hapa kidogo, maana ndipo penye utamu. Kwa kawaida hofu ya ugonjwa kutoka sayari nyingine imetiwa chumvi. Virusi vya mafua vinakuingia kwa sababu vimezoeana na seli za wanyama kama wewe kwa muda mrefu sana. Kijidudu cha kwingine hakijui milango ya seli zako. Hata kukula kingeshindwa. Asidi amino zinazojenga protini za uhai wote wa hapa zina mkono mmoja, wa kushoto. Kama kwao zimejengwa kwa mkono wa kulia, chakula chao kwako ni kandambili ya kushoto kwa mguu wa kulia: kipo mbele yako, hakikuingii. Ungeweza kula samaki wao ukashiba tumbo na ukafa njaa.

Basi vijidudu vya Ilus vinaingiaje machoni? Havihitaji seli zako. Jicho ni majimaji yenye chumvi, ya uvuguvugu, yanayopitisha mwanga, na kijidudu cha kijani kinachoishi kwa mwanga hakina haja ya kujua kwamba hapo ni ndani ya mtu. Konokono nao hawana nia na mtu, ila kemia ya ute wao kwa bahati mbaya huua mishipa yetu ya fahamu. Madhara bila uadui. Sijaona tamthilia nyingine iliyolielewa jambo hili vizuri hivyo.

Kasoro ipo, tena kubwa. Kitu kinachosukuma hadithi nzima, protomolekuli, kinaweza kufanya chochote. Kinakula watu, kinajenga, na kinaliondoa jiwe la Eros kwenye njia yake bila injini wala msukumo unaoonekana. Waandishi wanasema ni chombo kilichoundwa na watu wa kale, si mnyama, na ujanja huo unawaepusha na maswali yangu. Sawa, lakini kila kinapotokea, fizikia inakwenda likizo. Jueni pia kwamba ni tamthilia ya watu wazima, damu na matusi havina uhaba, na ili kufika Ilus lazima uvuke misimu mitatu. Kwa bando, hiyo ni gharama.

Alien Worlds: sayansi nyingi, hadithi haba

Hii ya Netflix, ya mwaka 2020, ina vipindi 4 tu. Ni nusu makala, nusu ubunifu: wanaonyesha mnyama wa hapa duniani, wanaeleza kanuni anayoifuata, kisha wanaipeleka kanuni hiyo kwenye sayari ya kubuni.

Atlas ina mvutano mara mbili ya wa Dunia na hewa nzito. Ungetarajia kila kitu kitambae, lakini wao wamejaza anga viumbe wenye mbawa. Hesabu inawaunga mkono, kwa kuwa hewa nzito hunyanyua zaidi, na nguvu hiyo ya kunyanyua ikizidi uzito wa mwili, kuruka kunakuwa rahisi. Mfano halisi hauko mbali sana. Titan, mwezi wa Zohali, una mvutano wa karibu sehemu moja ya saba ya wetu na hewa nzito kuliko yetu, na mtu aliyejifunga mbawa mikononi angepaa kwa misuli yake mwenyewe, mradi asigande kwa baridi.

Kipindi cha Janus ndicho bora. Sayari hii upande mmoja hutazama jua lake daima, mwingine ni usiku wa milele, na kati yake kuna utepe wa machweo yasiyokwisha. Wataalamu wanaamini sayari nyingi zilizo karibu na nyota ndogo nyekundu ziko hivyo. Wakaaji wake wana miguu mitano, na kizazi kimoja hugawanyika kimaumbo kulingana na mahali kinapokulia, penye joto, penye baridi au kwenye utepe. Wana jamaa, wana chakula, wana adui. Miguu mitano haijanishangaza, maana kiti cha pweza, yule wa baharini mwenye pembe tano, yumo kila siku kwenye matumbawe yetu. Kipindi cha mwisho, Terra, kina bongo zinazoelea ndani ya matangi zikihudumiwa na roboti. Ubunifu ukaisha, usingizi ukaja.

Kuna sababu nyingine ninayoipa alama hii. Sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa jua letu zimepita 5,000, na hakuna hata moja ambayo tutaiona uso kwa uso hivi karibuni. Wanasayansi watausoma mwanga wake na kutafuta hewa yake ina nini, kwa mfano oksijeni na methani zikiwa pamoja. Kazi ya namna hiyo, ya kumjua wa mbali kwa mnururisho wake tu, si ngeni upande huu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kutafuta eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini ya hapa, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vilisaidia kuitambua Cygnus X-1, shimo jeusi lisiloonekana. Tamthilia inayoanza na hewa na mvutano, ndipo ije kwenye mnyama, inafuata njia hiyohiyo.

Mbili za kupita

3 Body Problem ya 2024 haimwonyeshi mgeni wazi. Tunajua tu kwamba jua zao tatu zinavuruga hali ya hewa kiasi kwamba wanajikausha na kusubiri. Kukauka kuna mfano: kuna inzi mdogo wa Afrika, Polypedilum vanderplanki, ambaye kiluwiluwi chake hukauka mpaka maji yabaki karibu asilimia 3, na wengine wamefufuka baada ya miaka 17. Lakini huyo ni kiluwiluwi. Mtu mzima mwenye kumbukumbu na hesabu za meli za angani kukunjwa kama ngozi, sina hakika kumbukumbu zinabaki.

Farscape, 1999 hadi 2003, ilitumia vikaragosi vya karakana ya Jim Henson, kwa hiyo wageni wake hawakulazimika kuwa na umbo la mwigizaji. Macho hufurahi, ila maswali yangu matatu hayajibiwi.

Uchague ipi

Mwanafunzi wa kidato anayesoma mageuzi ya viumbe au mvutano achukue Alien Worlds: kipindi cha Janus kwanza, kisha Atlas, na Terra aiache. Bando lake litabaki. Mtu mzima anayetaka hadithi ya kukaa nayo miezi achukue The Expanse na awe na subira hadi msimu wa 4. Nyumba yenye watoto wadogo ningeipa Doctor Who, lakini mzazi akae nao na kuwauliza kaa wa "Gridlock" angesimamaje. Star Trek ni kwa anayependa siasa na falsafa. Wageni wake ni mataifa ya duniani yaliyovaa masikio marefu, na kwa hilo ni tamthilia hodari. Mwenye saa moja tu atafute Horta.